Pwani ya Bwana Pima

Siku hizi mnasema kijiwe. Sisi tulisema barazani tu, na baraza lenyewe lilikuwa la nyumba ya marehemu mjomba wangu, Mtaa wa Mchikichi, la udongo na chokaa, limelainishwa na makalio ya watu mpaka linang'aa kama limepakwa samli. Alasiri ikishasaliwa, Abbasi anakuja na dele lake la kahawa, anavigonganisha vikombe mkononi, ka-ka-ka, na wenyewe wanajaa. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda na sinia langu la kashata, maana kahawa chungu inataka kitu cha kuibembeleza. Wananunua kashata, wanatafuna, neno hawaniulizi. Basi nikawa nasikia mengi. Mwaka wenyewe mniwie radhi, chuo sikusoma. Uhuru ulikuwa bado, kama miaka minne mitano hivi, na ndio mwaka ule Jangwani ilijaa maji mpaka watu wakaokota kambale njiani. Ndio mwaka mume wangu Bakili alitaka kunihamishia Ulaya.

Bakili alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa karakana ya reli, pale Gerezani. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Pima, kwa sababu alitembea na futi mfukoni na kila kitu anakipima, hata mkate. Mtu mwema, lakini anapima. Sasa kazi yake ilikuwa imekwisha, na kwao Uingereza hataki kurudi, anasema kuna baridi na mvua mpaka mifupa inalia. Amenunua nyumba nchi nyingine ya hukohuko Ulaya, ya kusini, Bakili aliitamka Spenya. Iko pwani. Jua mwaka mzima. Akamwambia Bakili, twende, wewe na bibi yako, mkakae na mimi kule moja kwa moja. Jibu nataka Ijumaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Bakili akaja barazani amevaa koti la sufu.

— We Bakili, unaumwa?

Aliyeuliza ni Ramadhan, tukimwita Redio. Mtaa mzima redio ilikuwa moja, ya Mhindi muuza vitambaa, na Ramadhan anakwenda kusimama pale mlangoni anasikiliza, halafu anatuletea, na njiani anaongeza ya kwake. Na methali! Mtu yule alipenda methali kama mtoto anavyopenda halua, na toka nimjue hakuwahi kuipatia hata moja.

— Siumwi.

— Basi koti la nini? Jasho linakutoka kama umetoka kisimani.

— Nalizoea. Kanipa Bwana Pima. Naenda Ulaya.

Vikombe vikatulia. Hata Abbasi, mtu asiyesema, akasimama na dele limeinama, kahawa inamwagika chini.

— Ulaya wapi? akauliza Seifu. Huyu tukimwita Meli. Alikuwa kuli bandarini, kazi yake kushusha magunia, melini kwenyewe alipanda kwa ubao akashuka kwa ubao, lakini ukimsikia utadhani kaoa binti wa nahodha.

— Spenya. Pwani. Kuna jua mwaka mzima.

— Jua mwaka mzima, akasema Redio. Na koti?

Bakili akalivuta koti shingoni.

— Koti la melini.

— Ahaa! Mpanda meli hushuka, ndugu yangu. Melini kuna ngazi.

— Methali hiyo haiko hivyo, Redio.

— Iko hivyohivyo. Utapanda, utashuka. Nimekosea wapi?

Meli akajivuta mbele. Hapo ndipo penye pake.

— Nisikilizeni mimi. Pwani ya Ulaya naijua. Nahodha mmoja wa Kigiriki kanihadithia kwa mdomo wake. Wazungu kule wanajianika.

— Wanajianika vipi?

— Wanajianika! Kama dagaa. Wanatandika kitambaa mchangani, wanavua nguo, wanalala chali. Upande huu ukiiva wanageuka.

— Saa sita hii ya mchana?

— Saa sita hii hii. Tena wanafurahi.

— Astaghfirullahi, akasema Redio. Lakini ina maana. Samaki anaanikwa asioze. Yule mtu kakaa kwenye mvua miaka yote, akijiangalia anaona anaanza kuharibika. Hamkani si shwari tena!

Wakacheka mpaka vikombe vinacheza. Bakili hakucheka. Akafungua kishikizo kimoja cha koti.

— Chekeni. Mtu wa Mchikichi gani aliyewahi kuulizwa na mzungu, twende tukakae wote? Kuulizwa, si kuagizwa. Babu yangu alibeba mizigo ya watu kwa bakora. Mimi naulizwa.

Na hilo lilikuwa kweli, nisimdhulumu. Nilimwona usiku... nilimwona jana yake anavyoingia chumbani, kifua mbele. Mimi mwenyewe kwa upande mmoja niliona fahari. Mume wangu katakiwa ng'ambo kwa mchuzi wake.

Kulikuwa na Mchaga mmoja anakaa nasi, Augustino, ana duka la vitunguu na maharage karibu na soko. Mpole, anapenda kushika neno alipime kabla hajalitoa. Akasema:

— Mimi simcheki. Mimi nimehama. Nimetoka Kilimanjaro kwenye baridi, asubuhi ukitema mate yanataka kuganda, nimekuja pwani yenye jua. Kwa hiyo mimi na huyo Bwana Pima ni ndugu.

— Ndugu kwa mama au kwa baba? akauliza Meli.

— Kwa baridi.

— Ngoja, ngoja, ngoja, akasema Redio, akasimama kabisa. Mmemsikia Mchaga? Mtu anatoka kwenye baridi anakuja kutafuta pwani na jua. Anakuja wapi? Hapa! Basi Spenya ya Wachaga ni hapa Kariakoo!

— Eh!

— Sasa Bakili anatoka Spenya kwenda Spenya. Mtu anatoka chumbani anapitia dirishani kuingia chumba hichohicho!

— Si hichohicho, akasema Bakili. Jua la kule ni zuri. Bwana anasema halichomi.

— Halichomi kwa sababu limetumika! Redio sasa amepata upepo. Jua linatokea wapi asubuhi? Si hapa kwetu, upande wa Magogoni? Linatoka baharini jipya, lina maji ya moto, tunalitumia sisi. Tunaanika mpunga, tunaanika nguo, tunaanika nazi. Likichoka ndio linakwenda Ulaya. Wale wanapata makombo!

— Wallahi Redio, leo umesema, akasema Meli.

— Na watu wanayavulia nguo makombo!

Mimi nikajikuta nacheka ndani ya kanga. Bakili akaniona. Akageuza uso.

— Na utapika nini huko? akauliza Augustino. Vitunguu vipo?

— Vipo. Samaki wapo. Ndimu zipo kubwa kama ngumi.

— Na nazi?

Bakili akafungua kishikizo cha pili.

— Nazi hakuna. Wanapikia mafuta ya zeituni.

Jamani! Mafuta ya zeituni sisi tuliyajua. Yalikaa kwenye kichupa kidogo juu ya kabati, mtoto akiumwa sikio unampashia moto unamtilia matone mawili.

— Dawa ya masikio? akauliza Meli polepole.

— Ndiyo hayo.

— Wanakaangia samaki dawa ya masikio?

— Hao samaki wanasikia vizuri, akasema Augustino.

Kicheko kilichotoka hapo kilimtoa nje yule Mhindi wa vitambaa. Meli akawa anajipiga mapaja, akasema sasa ameelewa, Bwana Pima hamchukui Bakili kwa upishi, anamchukua kama sampuli. Atamweka pale pwani, wazungu wamtazame, wajue mtu aliyekula jua jipya anafananaje. Redio akasema hapana, wanataka kumwuliza siri ya nazi, na akishasema tu watapanda minazi nchi nzima, na sisi huku tutauziwa nazi za Spenya. Kila mmoja anaongeza ngazi juu ya ngazi ya mwenzie. Na katika yote hayo hakuna aliyegeuka kwenye kigoda akasema, na wewe shemeji, unaenda?

Maana mimi nilikuwa na langu moyoni, na si mama peke yake, ingawa mama alikuwa hai ng'ambo ya kivuko, Kigamboni. Ni shimo. Msinicheke. Sisi wanawake wa pwani, maji ya bamvua yakipwa, yakaenda mbali kabisa mpaka mwamba ukaonekana, tunashuka kuchokoa pweza. Na kila mwanamke ana mashimo yake mwambani. Mimi nilikuwa na moja alilonionyesha mama, na mama alionyeshwa na bibi. Huonyeshi mtu baki, unamwonyesha binti yako. Pweza ukimtoa leo, bamvua nyingine kaingia mwingine, kama nyumba ya kupanga. Pale mwambani ndipo nilipokuwa mtu. Barazani nilikuwa mke wa Bakili muuza kashata, lakini mwambani wanawake wazima waliniita, Mwanamkuu, njoo umtoe huyu, katushinda. Nikawa najiuliza, ng'ambo huko nitakuwa nani? Ila kumwambia mwanamume aliyevimba kwa fahari kwamba simfuati kwa sababu ya shimo la pweza, mdomo ulikuwa mzito.

Ndipo akaja Theopista, mke wa Augustino. Ana mwezi mmoja tu toka ashuke kwa gari moshi kutoka Moshi. Msichana mrefu, ana haya, kitambaa cha kichwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni.

— Marahaba, shemeji!

— Baba, dukani kuna watu.

— Nakuja. Nawaaga, huyu Bakili anahamia Ulaya, pwani.

Theopista akamtazama Bakili, akatazama koti, halafu akatazama chini. Nikaona ana neno. Nikamwambia, sema mwanangu, hapa kila mtu anasema, hata asiyejua.

— Nataka kuuliza, lakini watanicheka.

— Hatucheki, akasema Meli, na ameshaanza kucheka.

— Siku ile nimefika, Augustino alinipeleka Magogoni kuniona... kuniona mimi naiona bahari. Maji yalikuwa mengi, yamejaa mpaka kwenye mawe. Nikasema kweli, Mungu ni mkubwa. Wiki ya pili nikarudi peke yangu asubuhi. Nikakuta haipo.

— Nini haipo?

— Bahari. Tope tu, na mitumbwi imelala ubavu. Nikakimbia mpaka dukani, nikamwambia Augustino, funga duka, bahari imekauka, tutakufa.

Jamani! Redio alishuka barazani akakaa chini. Abbasi, yule asiyesema, aliweka dele ili acheke kwa mikono miwili. Augustino kajiziba uso, anasema nilikuomba usiwaambie, nilikuomba. Lakini Theopista alisubiri. Aliwaacha wakacheka wakamaliza, wakafuta machozi. Ndipo akauliza.

— Augustino akanieleza kwamba inaondoka, inarudi. Kila siku. Sasa mimi nauliza tu. Huko kwa Bwana, bahari nayo inaondoka na kurudi?



Redio akajipangusa vumbi, akarudi barazani.

— Hiyo haijatangazwa.

— Meli, we unajua pwani ya Ulaya, akasema Augustino, sasa na yeye amepata pa kulipizia.

— Nahodha hakufika hapo, akasema Meli. Alikuwa na haraka.

— Bahari ni bahari, akasema Bakili. Lakini aliisema kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja.

Nikamwangalia mume wangu. Mwanamume kazaliwa hapa, mama yake kamlea kwa kombe na chaza za maji kupwa, anataka kuhamia pwani, na hilo hakuuliza. Na mimi niliyelala naye nyumba moja usiku kucha na shimo moyoni, na mimi sikuuliza. Kauliza mtoto wa mlimani mwenye mwezi mmoja.

Abbasi akainamisha dele. Tone moja likatoka.

— Imekwisha, akasema.

Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga vizuri.

Kesho yake, Alhamisi, hata alasiri haijasaliwa watu wameshafika. Redio kakaa, Meli kaacha zamu yake, Augustino kafunga duka, na Theopista kaja naye, kasimama karibu na kigoda changu. Bakili akatokea kwenye kona ya mtaa. Koti kalishika mkononi.

— Umemwuliza?

— Nimemwuliza.

— Kasemaje?

Bakili alikaa kwanza. Akapokea kahawa, akanywa, akala kashata nzima bila haraka, tunamtazama taya tu.

— Nimemwambia, Bwana, maji ya kule yanakupwa? Akacheka, akanishika bega, kwa furaha kabisa. Akasema, "Hapana Bakili! Ndiyo uzuri yake! Maji iko pale pale. Asubuhi pale, jioni pale. Hapana tope, hapana harufu." Kapima na futi yake, anasema, haiendi hata hatua tatu.

— Haipwi?

— Haipwi.

Meli akapiga mluzi. Redio akatikisa kichwa kama kapewa taarifa ya msiba.

— Imesimama tu?

— Imesimama. Kama maji ya kwenye karai.

Halafu Bakili akafanya jambo ambalo barazani pale mwanamume hakuwahi kulifanya. Akageuka, watu wote wanamtazama, akaniambia:

— Mwanamkuu. We unasemaje?

Mikono yangu ilikuwa na sukari. Nikaifuta kwenye kanga, taratibu, maana nilitaka sauti ije sawa.

— Nasema hivi. Mama yangu alinifundisha, pwani ni pale panapopwa. Ndiyo maana pakaitwa pwani. Maji yakiondoka, pale yalipopaacha, pale ndipo pwani, na pale ni pa watu. Mtoto anaokota kombe, kizee anaokota, asiye na mtumbwi anakula. Mungu anafungua mlango mara mbili kwa siku. Sasa huko kwa Bwana Pima mlango haufunguki. Ana maji, simkatalii. Ana jua, hata kama ni makombo. Lakini pwani hana. Kauza vyake vyote kaenda kununua pwani, na pwani haipo. Wewe kama unataka kwenda, mimi mkeo, nitafunga mzigo. Lakini usiniambie unanipeleka pwani. Pwani nimezaliwa nayo, naiacha hapa.

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanaume. Masikio yalikuwa yanawaka, ningetiwa zeituni.

 Ndipo Redio akasema, polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake:

— Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tukageuka wote kumtazama. Mtu mwenyewe alishtuka.

— Nimekosea?

— Hapana, akasema Augustino. Leo umeipatia.

— Kweli?

— Kabisa. Haina hata pa kuishika.

Redio akakaa wima, kikombe mkononi, hakusema kitu tena mpaka magharibi, anaogopa kuiharibu.

Bakili alilitazama lile koti. Akalikung'uta, akalikunja vizuri, akampa Augustino.

— Krismasi ukienda kwenu kwenye mate ya kuganda, lichukue.

Ijumaa akaenda kujibu. Aliniambia alisimama mbele ya Bwana Pima, akasema ahsante Bwana, umeniuliza na mimi nimejibu, sendi. Bwana akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama anayetafuta futi yake, akampa mkono. Mkono, si bakora. Mume wangu mpaka anakufa alikuwa akihadithia mkono ule kuliko safari ambayo hakwenda. Na mzungu akaondoka na meli yake. Nasikia alikaa huko mpaka uzee, na akiandika barua kwa wenzake wa reli alimwulizia Bakili na mchuzi wake.

Jumamosi ilikuwa bamvua. Nikampitia Theopista dukani alfajiri, tukavuka Magogoni, tukashuka mwambani, yeye kapandisha gauni mpaka magotini, kila hatua anapiga kelele. Nikampeleka kwenye shimo la mama. Mtu baki, tena wa mlimani, mama angeniona angenitia bakora. Lakini alishauliza swali ambalo wenye pwani hatukuuliza, nikaona anastahili. Nikampa kijiti. Akachokoa. Pweza akamzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko, akalia, akacheka, akaanguka kitako, lakini hakumwachia.

Tulipokuwa tunampigapiga pweza jiweni, akasimama ghafla, kidole mbele.

— Bi Mwanamkuu! Angalia! Inarudi!

Maji yalikuwa yanaingia kweli, membamba, yanapita katikati ya vidole vya miguu.

— Inarudi, inarudi! anawaambia wanawake wengine wote mwambani, watu waliozaliwa hapo, anawatangazia kama ni yake.

Hakuna aliyemcheka. Tukachukua vikapu vyetu, tukaipisha ipite.